Wanachuo tunataka kufundisha madogo wa form 1 na 2 sayansi kwa vitendo, tuanze na nini?

Telecom_Iyumbu
Habari za muda huu wakuu. Niko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka wa tatu, tumejikusanya washkaji kadhaa, wengine telecom (uhandisi wa mawasiliano) wengine ualimu wa fizikia na kemia, tunataka Jumamosi asubuhi tuwe tunaenda shule moja ya kata huku upande wa Ng'ong'ona kufundisha form one na form two sayansi na mambo ya uhandisi. Siyo tuisheni ya kusolve maswali ya mitihani ya taifa ya NECTA, tunataka watoto washike vitu, wajenge. Mkuu wa shule katupokea vizuri, ila darasa moja lina watoto zaidi ya sitini na vifaa vya maabara ni vya kuhesabu. Hela ni hii hii ya boom, yaani mkopo wa wanachuo, na mnajua boom lenyewe linavyokaa mfukoni. Sasa tumegawanyika, wenzangu wanataka tuanze na Arduino (vile vibodi vidogo vya umeme unavyoviprogramu) na roboti maana ndo zinavutia (na picha zinatoka poa, tuseme ukweli), mimi naona tutafika na roboti moja watoto sitini wanachungulia mgongoni mwa mwenzao halafu sisi tunapanda bodaboda tunarudi hostel. Walimu na mliowahi kufanya hii kitu, mngeanza na nini? Na vibali vinapitia wapi?

mwl_wa_Chamwino
Hongera zenu vijana. Mimi nafundisha fizikia sekondari, nina miaka kwenye chaki. Roboti ziacheni kwanza. Anzeni na mashua za foili, form one wanasoma kanuni ya Archimedes na mambo ya kuelea kwa hiyo hata mwalimu wa somo hatanuna. Kila kundi la watoto wanne au watano mpeni kipande cha foili cha ukubwa uleule, beseni la maji na misumari midogo ya saizi moja, kazi ni kutengeneza mashua itakayobeba misumari mingi kabla haijazama. Msiwaambie umbo lolote! Wataanza na zile zenye ncha kama mtumbwi, zitazama mapema, halafu kuna kundi litakunja kitu kama sinia lenye kingo fupi, litabeba kuliko wote na darasa zima litahamia pale kuangalia. Hapo ndo unauliza kwa nini, kabla ya kugusa ubao. Maji yenyewe ndoo mbili zinatosha na mkimaliza mnamwagilia miti ya shule, Dodoma hii maji hayamwagwi hovyo.

La pili, form one ongeeni nao Kiswahili. Wametoka darasa la saba juzi tu, wengi walisoma sayansi yote kwa Kiswahili, ukimuuliza kwa Kiingereza ananyamaza wewe unadhani hajui kumbe anajua sana. Maneno ya mtihani wape mwishoni wakishaelewa kitu chenyewe.

Vibali: barua ya chuo kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, huko itashuka kwa afisa elimu sekondari. Mkuu wa shule kuwakubali kwa mdomo haitoshi, siku akihamishwa mnaanza moja.

kijana_wa_Majengo
Mtaenda Jumamosi mbili tatu, UE (mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula) ikikaribia mnapotea. Sisi tukiwa form two walikuja wanachuo hivyohivyo wakapiga picha na tisheti zao wakaahidi kurudi, hadi leo. Mdogo wangu yuko form one saa hizi, afadhali msimwahidi kitu.

fundi_redio
Kijana wa Majengo ana hoja ila tuwape nafasi bana. Mimi napenda mota. Betri moja kubwa ya redio, sumaku ya spika mbovu, pini mbili za kufungia nguo na waya wa shaba wenye vanishi, ule mabaki yake yapo kibao kwa mafundi wa kusuka mota, muombe vizuri anakupa bure. Unasokota duara la mizunguko kama kumi, ncha mbili zinatokea pembeni zinakaa kwenye matundu ya pini, kila pini imeshikizwa upande wake wa betri, sumaku chini ya duara. Siri iko kwenye kukwangua vanishi: ncha moja unakwangua yote kuzunguka, nyingine unakwangua nusu ya upande tu. Ukikwangua zote mbili kamili duara linatikisika linasimama, kwa sababu umeme haukatiki pale linapopinduka na sumaku inalirudisha nyuma. Ukiacha nusu, umeme unakata, duara linapita lenyewe kwa kasi yake, linashika tena. Wapeni watoto msasa siyo wembe. Na duara likigoma kuzunguka watoe betri haraka, waya unapata moto.

Telecom_Iyumbu
Mwalimu shikamoo, na asante sana. Fundi, hiyo ya mota nimeipenda, ila si mada ya form four huko?

mwl_wa_Chamwino
Marahaba. Ndiyo wataikuta mbele, haina shida, akishaiona inazunguka mkononi mwake haitamtisha tena. Ila mashua kwanza.

zabibu_za_Hombolo
MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, wanafunzi wana kikundi chao cha kufundisha watoto wa shule, kipo tangu 1957, na wanachuo wenyewe ndo wanaendesha. Kila mmoja anafundisha kitu anachokipenda yeye, mtoto anachagua darasa. Nyie mko wengi, kwa nini wote mfundishe kitu kimoja? Watoto sitini mkiwagawa madarasa matatu si inakuwa nafuu, na mwenye roboti yake anapata ishirini wanaoitaka kweli.

mwl_wa_Chamwino
Kugawa sawa, Jumamosi vyumba viko wazi. Kuchagua subirini kidogo, wiki ya kwanza wote watakimbilia roboti.

Telecom_Iyumbu
Basi Jumamosi hii tunaanza mashua, madarasa matatu, foili tunanunua soko la Majengo. Kijana wa Majengo nimekusikia, tumepanga wiki za UE wa mwaka wa kwanza na wa pili wapokezane, wakishindwa tunawaambia watoto mapema kabisa kwamba hatuji. Fundi, wewe uko wapi? Nina spika mbovu mbili ila sumaku zimegandia, nazitoaje bila kuzivunja?

fundi_redio
Niko Sabasaba. Usipige nyundo. Njoo nazo Ijumaa jioni.