Karoti zangu tamu zimekuwa chungu stoo, naomba ushauri

Mkulima wa Mwanga: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo Kigoma mjini. Nimevuna karoti za Nantes, zile zenye ncha butu na moyo mwembamba. Shambani zilikuwa tamu, watoto wanazitafuna kama miwa. Sasa nikionja za stoo, chungu! Ni mbegu au udongo? Kuna mtu Tabora anazisubiri, nimechanganyikiwa.

Baba Sauda: Karoti ni chakula, vijana mmezoea chipsi tu. Gramu 100 mbichi hazifiki kalori 50, karibu asilimia 90 ni maji, na karotini yake mwili unaigeuza vitamini A. Ila bila mafuta haifyonzwi vizuri. Kaanga na mawese, nayo yana karotini tele.

Mnyamwezi Halisi: Mpwa wangu alinyweshwa juisi ya karoti mpaka viganja vikawa vya njano. Tukakimbilia hospitali tukidhani ini. Daktari akatuonyesha macho, meupe kabisa, ingekuwa ini nayo yangekuwa ya njano. Akasema punguzeni karoti.

Dada wa Heru: Turudi kwenye mada. Umeziosha? Majani umekata? Stoo ina nini kingine?

Mkulima wa Mwanga: Sijaosha. Majani nimekata, yananyonya maji ya mzizi. Stoo ina giza na ubaridi.

Dada wa Heru: Nimeuliza ina nini kingine.

Mkulima wa Mwanga: Kuna mikungu ya ndizi, mama mkwe anaivisha humo. Lakini haigusani na karoti.

Dada wa Heru: Si lazima iguse. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na karoti ikiipata inajitengenezea uchungu. Parachichi na nyanya mbivu vilevile. Zihamishe leo, zifukie kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Halafu Nantes ni laini, inavunjika upesi, haivumilii kukaa sana kama karoti nyingine.

Mkulima wa Mwanga: Chumba ni cha mama mkwe, nitaanzaje kumwambia? Na mchanga utazichafua. Nilishapanga kuziosha, nizijaze viroba, zipande treni.

Kijiweni: Hii chai. Mama mkwe, ndizi, mteja wa Tabora, na jina la mbegu kalitaja mwanzo kabisa. Kesho atatuletea bei ya makopo ya mbegu.

Baba Sauda: Hata mimi nimehisi. Tupia picha.

Mkulima wa Mwanga: Siuzi mbegu, ndugu zangu. Simu yangu ya batani, picha nitaitoa wapi? Niambieni tu, uchungu unatoka?

Dada wa Heru: Ukishaingia hautoki. Mwingi uko kwenye ganda, kwa hiyo ukizimenya na kuzipika zinalika. Za kutafuna mbichi usimpelekee mtu.

Mkulima wa Mwanga: Yeye anazitaka mbichi, za kachumbari. Na ameshatanguliza nusu ya hela.

Dada wa Heru: Mpigie sasa hivi. Mtumie chache aonje kabla gunia halijapanda treni.