Naacha ufundi mkuu na chombo bado kiko kwenye magogo: niondoke vipi?

fundi_magogoni

Assalam aleikum wazee na mafundi. Mimi ni fundi mkuu kwenye karakana ya vyombo vya baharini huku Amu (Lamu), mwaka wa 14 sasa, mshahara wa mwezi 42,000. Nimepata kazi ya kufundisha useremala chuoni Malindi, naanza baada ya wiki 8. Mwenye karakana ni mtu wa makamo ya baba yangu na hatuna ugomvi.

Kwenye magogo, pale chombo kinapojengewa, kuna mashua ya futi 30. Mataruma (mbavu za chombo) yote yamesimama na ubao umepanda safu tano kila upande. Mwenye chombo keshatoa arbuni (malipo ya awali) mara mbili. Vijana wawili wanajua kupigilia na kuranda, lakini hakuna anayejua kushika umbo. Nataka kujua: notisi ni ya muda gani, chombo nikiachie hatua gani, vigezo (vipande vya mfano vya kukatia mbao) na zana ni za nani, na nina haki ya kudai nini?

kalafati_amu

Wa aleikum salaam, fundi. Nianze na chombo, maana barua unaiandika mara moja ikaisha.

Mkono unaweza kubadilishwa bila madhara katika hatua mbili: mataruma yamesimama na ubao haujaanza, au chombo kimeshashuliwa majini na mbao zimekunywa maji. Ya kwanza imeshakupita. Mbaya kuliko zote ni baina ya ubao wa mwisho na kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba. Mbao zilizopigiliwa zikikaa juani wiki mbili tatu bila pamba, zinakauka na mianya inafunguka. Atakayekuja anajaza pamba kwa kadiri ya mwanya anaouona. Chombo kikiingia majini mbao zinavimba, pamba iliyozidi haina pa kwenda, inausukuma ubao utoke kwenye taruma na misumari inalegea. Atalaumiwa yeye kwa kalafati, na kosa si lake.

Kwa hiyo hesabu mbao leo. Kama zote zimo karakanani na zimekauka, wiki 8 na vijana wawili zinaweza kukutosha kufunga ubao na kukalafati. Kama nusu bado haijafika, usimwahidi mtu. Simamisha kazi hapo ilipo, funika pande zote kwa turubai au makuti, na ubao umwagiwe maji ya chumvi kila jioni. Si maji ya kisima: maji matamu yakituama kwenye mshono yanaleta uozo. Na mkianza kalafati, kila mshono uzibwe na mtu mmoja toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Mikono miwili kwenye mshono mmoja haikazi sawa, na pale walipokutana ndipo patakapovuja.

Sasa umbo, ambalo liko machoni mwako tu. Vuta kamba ya katikati toka fashini (mti wa ncha) ya omo hadi ya tezi, usawa wa juu ya mataruma. Taruma la kwanza la omo lipige nambari 1 kwa rangi, uendelee hadi la mwisho. Kila taruma la tatu, angusha timazi toka kambani, kisha pima upana toka uzi wa timazi hadi uso wa ndani wa taruma mahali patatu: juu, kwenye tumbo na karibu na mkuku (mti wa chini wa chombo). Kila upana uandikiwe na kina chake toka kambani. Pima kushoto na kulia, usidhani ni sawa. Chombo cha kukisia kwa jicho hakikosi tofauti ndogo, na asiyeijua atataka kuisawazisha kwa kuulazimisha ubao upinde, upasuke. Vipimo hivyo viwe kwenye daftari la jalada gumu. Karatasi karakanani ni ya kuwashia moto.

Andika pia unene wa ubao, urefu wa msumari na ukubwa wa biti. Kwa ubao wa inchi 1¼ na msumari wa inchi 3½, tundu liwe jembamba kidogo kuliko msumari. Kijana akichukua biti iliyo karibu naye bila kupima, ama ubao unapasuka ama msumari hausiki. Kwenye rundo la mbao tia alama kila ubao: mbambakofi au mvule, uliingia lini, bado mbichi au tayari. Risiti na vibali vya kusafirishia mbao weka kwenye faili moja, kwa sababu siku watu wa misitu wakija kukagua, wewe hutakuwapo wa kueleza.

Mwisho, tazama bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa. Linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kama kila wiki mbili. Likikupita, mashua inangoja jingine na wewe umeshavuka. Chagua tarehe ya kuacha iwe siku kadhaa baada ya bamvua la kushulia, uone maji yanavyoingia na yanavyopungua mbao zikivimba.

binti_mkomani

Kaka fundi, mimi ni wa makaratasi. Unalipwa kwa mwezi, basi kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wako unataja muda mrefu zaidi. Usome kwanza kama upo. Wewe una wiki 8, toa hata wiki 6. Mwenye kazi akikwambia uondoke kabla notisi haijaisha, siku zilizobaki anakulipa, ila mkiafikiana vingine.

Barua isizidi mistari mitano: "Naarifu kwamba nitaacha kazi ya fundi mkuu tarehe fulani. Hadi siku hiyo nitaendelea na mashua iliyoko na kumkabidhi atakayeteuliwa. Naomba cheti cha utumishi na hesabu ya haki zangu. Nashukuru kwa miaka yote." Nakala mbili, yako itiwe sahihi na tarehe ya kupokelewa. Sababu si lazima. Na malalamiko ya zamani usiyatie humo hata kama ni ya kweli, kwa sababu barua hiyo itabaki kwenye faili miaka mingi.

Haki zako: mshahara hadi siku ya mwisho, na likizo ambayo hukuchukua. Sheria inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani siku 1.75 kwa mwezi. Kama umefanya miezi 7 ya mwaka huu wa likizo bila kupumzika, ni siku 12.25.

Malipo ya utumishi, yale ya kila mwaka uliofanya kazi, ndiyo yanayogombanisha watu. Aliye mwanachama wa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) hayamhusu. Kwa hiyo kabla hujatamka neno lolote, chukua taarifa yako ya NSSF uitazame mwezi kwa mwezi. Yako mambo ya kukatwa kwenye mshahara na pesa zisifike. Miezi iliyo wazi mwonyeshe kwa utulivu, azipeleke. Kama hukuandikishwa kabisa, mahakama zimezoea kuhesabu siku 15 za mshahara kwa kila mwaka: 42,000 gawa kwa 30 ni 1,400, mara 15 ni 21,000 kwa mwaka mmoja. Madai ya kazi mwisho wake ni miaka 3, usiyalaze kwa haya.

timazi_na_uzi

Yote sawa, ila barua isitangulie mdomo. Mtu wa makamo ya baba haletewi karatasi karakanani mbele ya vijana. Nenda kwake baada ya alasiri, mwambie wewe mwenyewe, barua ifuate kesho yake. Na asijue mwingine kabla yake, hata vijana wako. Amu hii habari inavuka toka Langoni hadi Mkomani kabla hujamaliza kikombe cha kahawa.

Zana: tezo, patasi na chembeu ulizonunua ni zako. Jenereta, drili na mashine ya randa ni za karakana. Ziorodheshe mbele yake, mtie sahihi wote wawili. Vigezo ulivyokata kwa mbao zake na saa zake ni vyake. Ukivihitaji, viombe uvinakili kwenye hadibodi. Wako watakaobisha, lakini fundi anayeondoka na vigezo ameondoka na kazi ya mwenzake.

Arbuni: andika kila kazi, kilicholipwa, kilichobaki, na pesa ziko kwa nani. Kama iko iliyopitia simu yako, ihamishie kwake sasa na ujumbe uuhifadhi. Wateja wakikupigia, wape nambari yake.

Na kijana mmoja achaguliwe mapema, mwachie upande wa kushoto autie ubao mwenyewe nawe ukitazama. Akikosea pigo usimnyang'anye nyundo.

fundi_magogoni

Ahsanteni sana. Mbao za ukanda wa juu bado hazijafika. Na akiniambia nisiondoke hadi chombo kiishe?

kalafati_amu

Basi usiahidi kumaliza, ahidi hatua. Mwambie: "Nitafikisha ubao hadi safu ya nane pande zote, nitakuachia vipimo, na mbao zikiingia nitakuja Ijumaa na Jumamosi mbili kusimamia kalafati." Siku hizo mpatane ujira wake mapema na nani analipa nauli ya basi na boti. Muiandike chini ya orodha ya makabidhiano.

binti_mkomani

Na uandike kwamba ni kibarua cha siku nne, si kuendelea na ajira, la sivyo tarehe yako ya kuacha kazi itakuwa na utata kwenye cheti cha utumishi. Cheti chenyewe kikague kabla hujapanda boti: jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe ya kuanza na ya kuacha, kazi gani na wapi. Hicho ni lazima akupe. Barua ya sifa halazimiki, hiyo ni ya kuombwa.