Land Rover 109 ya marehemu baba imelala tangu 2011: nifufue petroli yake, nipachike 3L, au tuuze?

KibandaChaKahawa
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mzee alituachia Land Rover 109 ya 1978, Series III, petroli, silinda nne, ile ya cc 2286. Aliiingiza kwenye kibanda cha kahawa huku Machame mwaka 2011 magoti yalipoanza kumsumbua, akasema ataiwasha Jumamosi. Jumamosi yenyewe haikufika, na mzee ametangulia mwaka juzi. Gari iko juu ya matofali. Turubai limetafunwa na panya, betri haipo, tangini kuna kitu kizito kinanuka rangi ya zamani, na chini ya siti za nyuma kuna nyuki. Si nyuki wawili watatu, ni mzinga kamili.

Familia tumekaa kikao, kila mtu na lake. Kaka wa Dar anataka iuzwe ilivyo. Shemeji ana injini ya 3L, dizeli ya Toyota, aliyoitoa kwenye Hiace, anasema tuipachike tusahau habari ya petroli. Kuna fundi amesema nisihangaike na vyote viwili, nitafute Tdi, dizeli ya Land Rover yenyewe yenye turbo. Mimi ningependa isikike kama ilivyokuwa ikisikika zamani inapopanda kutoka barabara kuu, lakini najua moyo haujazi tangi. Kazi yake itakuwa majani ya ng'ombe, mbolea, mikungu ya ndizi siku ya soko, kanisani, na mara moja moja Arusha. Naombeni mnilinganishie. Sijagusa kitu bado.

Mzee_Spana
Marahaba kijana wangu, na pole kwa mzee. Umefanya la maana kutogusa. Watu huleta betri ya lori, wanapiga stata, ringi zilizoshikana na silinda zinavunjika au zinakwangua ukuta, halafu wanatangaza kwamba injini ilikuwa imekufa. Wameiua wao.

Toa plagi zote nne. Mimina kila silinda vijiko vitatu au vinne vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Iache siku nne, tano, ongeza tena. Wakati inalowana, mwaga oili ya zamani na uitazame. Ikiwa nyeusi, sawa. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia na hapo hedi lazima ishuke. Fungua na filta ya hewa, ile inayokaa na oili chini, maana panya wa kahawa hawaachi nafasi kama ile.

Kisha tumia hendeli. 109 ina tundu lake hapo mbele, lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Sukuma kwa mkono taratibu. Ikigoma usiipande kwa mguu, rudia dawa. Injini ikizunguka, njoo tulinganishe. Kabla ya hapo tunalinganisha embe ambazo hazijaanguka.

DizeliTupu
Mzee Spana heshima yako, ila mimi simshauri kijana kurudi kwenye petroli. Niko Karatu, nina 109 kama hiyo. Ya petroli ilikuwa inanipa kilomita tano na nusu kwa lita, sita nikiwa mpole. Nilipofunga 3L, nikafika tisa, siku nyingine kumi. Kwa bei ya mafuta ya sasa hiyo si hesabu ya kubishana. Na spea za 3L zinapatikana mpaka kwenye duka la msumari.

Ila sitamdanganya mtu. Injini yenyewe ilikula theluthi tu ya pesa. Giaboksi ya Rover na injini ya Toyota hazijuani, inabidi uchongewe sahani ya kuziunganisha. Yangu ya kwanza ilichongwa ikakaa pembeni kidogo, kidogo tu, unywele. Ndani ya miezi mitatu beringi ya shafti imekwisha na klachi inaruka. Nikachonga nyingine kwa mtu mwenye mashine ya maana, nikalipa mara mbili. Ongeza mauntini mpya za kushikia injini, rejeta, bomba la eksozi, na kukata hapa na pale. Ukisema uweke na giaboksi ya Toyota, jua kwamba trensfa ya Rover, ile inayogawa nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma, imefungwa nyuma kabisa ya giaboksi yake, haikai peke yake. Unaanza kubadilisha na propela, zile shafti ndefu za kwenda kwenye ekseli, na ukianza huko hujui utaishia wapi.

Halafu petroli ya siku hizi haina madini ya risasi yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu, valvu za injini zile zitakwisha.

Binti_Gerezani
Jamani, mnagombania moyo, mifupa hamjaitazama.

Kaka KibandaChaKahawa, mimi kazi yangu ni kuchomelea, na Land Rover nyingi zinazonifikia shida yake siyo injini. Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu, ndiyo maana gari inaonekana nzima ukiiangalia ukiwa umesimama. Chesesi ni chuma, tena kama boksi, na inaoza kuanzia ndani. Lala chini na nyundo ndogo. Gonga chesesi yote. Chuma kizima kinalia ting, kilichooza kinasema pu kama kugonga gogo lenye mchwa. Gonga sana mwamba wa nyuma, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale springi zinaposhikia. Angalia na ukuta wa mbele chini ya kioo, karibu na bawaba za milango.

Ikiwa springi zinashikia kwenye kutu, hata uweke injini ya ndege hutafika sokoni.

Na ikitokea tangi linavuja, usimruhusu mtu alichomelee kwa sababu "limekaa tupu miaka mingi". Mvuke wa petroli haujui miaka. Litoe, lioshe, ndani tia kokoto na maji ya sabuni, lizungushe mpaka mikono ikatae. Likiwa limetoboka, badilisha.

MwanaWaKisauni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni wa Mombasa, chumvi ya huku naijua, na dada Gerezani asema kweli. Yangu chesesi iliniacha kabla ya injini.

Hiyo Tdi mliyoitaja juu juu nataka niisemee. Ukitaka dizeli ndani ya Series bila kukatakata, tafuta 200Tdi, siyo 3L. Yatoka ukoo mmoja na ile yako ya zamani, yashika giaboksi ya Series bila ya sahani yoyote. 300Tdi yaweza pia lakini kazi yake ni nyingi zaidi. Nguvu utaihisi: petroli yako ni farasi kama 70, 200Tdi yapita 100. Mimi nilikusanya vitu vyangu Nairobi, Kirinyaga Road, wiki mbili za kuzunguka.

Ubaya wake? Zilitengenezwa kati ya 1989 na 1994 hivi, kwa hivyo utakayopata imeshachoka kwa mtu mwingine. Ina mkanda wa taiming, ukikatika injini yaharibika, na yako ya petroli yatumia cheni. Na giaboksi ya Series haikuzaliwa kubeba mvuto ule. Yangu bado yaenda kwa sababu naiendesha kama nabeba mayai. Mpe kijana wa miaka ishirini, wallahi hamalizi mwezi.

DalaliMstaafu
Niseme la kuuza kwa kuwa hakuna anayelisemea. Kaka yako wa Dar hajakosea kabisa. 109 iliyobaki na injini yake, namba za injini na chesesi zikilingana na kadi, ina wanunuzi wake, hasa upande wa Arusha. Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, kila mwenye mkweche anaamini amekalia dhahabu. Ila iliyopachikwa 3L mnunuzi wa aina hiyo haitaki hata kuiona. Kwa hiyo ukibadilisha injini umeshachagua kutouza, au kuuza kwa bei ya gari ya shamba.

Tena uza au usiuze, kadi bado ni ya marehemu, sivyo? Nendeni mahakamani mteue msimamizi wa mirathi, ndipo TRA wabadilishe jina. Mkifunga injini nyingine, namba yake nayo lazima iandikwe kwenye kadi, na watataka kujua injini imetoka wapi. Shemeji ana karatasi za hiyo 3L?

Mzee_Spana
DizeliTupu, hilo la risasi lina umri mkubwa kuliko ukweli wake. Petroli yenye risasi iliondoka nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Gari ya mzee ilipakiwa 2011. Miaka mitano alikuwa anatia nini, uji? Dawa ni kupima. Nafasi ya valvu ni milimita 0.25, zote nane. Irekebishe sasa, ipime tena baada ya kilomita elfu moja. Ikiwa nafasi inajifunga yenyewe, viti vya valvu vinaliwa, tutazungumza. Mimi nimekutana na chache sana.

Kwenye mafuta umesema kweli, siwezi kupinga, petroli inakula. Lakini mtu anayekwenda sokoni na kanisani atatembea kilomita ngapi kwa mwaka? Ile pesa ya sahani mbili ulizochonga ingenunua petroli ya muda gani? Wewe wa Karatu uko barabarani kila siku, kwako 3L ina maana. Kwake sioni.

Injini ya 1978 ina beringi kuu tatu za krenki, tano zilikuja 1980. Haitaki mbio. Ukiipa oili ya 20W-50 na usiikimbize zaidi ya themanini, itakuzika.

DizeliTupu
Mzee hapo kwenye uji umenimaliza 😂 Sawa, kwa kilomita chache nakubali. Lakini akianza kuikodisha kubeba mizigo ya watu atanikumbuka.

KibandaChaKahawa
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya wa wiki tatu.

Nyuki waliondolewa usiku na mfugaji wa jirani, akachukua na asali, hatukubishana. Nilifuata dawa ya Mzee Spana. Siku ya tano hendeli ilikuwa kama imechomelewa. Siku ya tisa ikasogea kama unene wa kidole, nikaongeza dawa, siku ya kumi na moja ikazunguka yote. Mama alikuwa amesimama mlangoni, hakusema kitu, akaenda kuchemsha chai. Oili ni nyeusi kama lami, haina maji. Filta ya hewa ilikuwa na familia ya panya na maganda ya karanga.

Habari mbaya ni za dada Gerezani. Mwamba wa nyuma umesema pu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkono mmoja wa kushoto nyundo imeingia. Panaposhikia springi ni pazima, nimegonga mara tatu kuhakikisha. Breki hakuna hata gurudumu moja linaloshika, silinda zake zimeganda zote. Matairi yana namba 3207, kumbe ni wiki ya 32 ya mwaka 2007, hayo hata kama yana meno siendi nayo popote.

Tumekaa tena kikao. Shemeji hana karatasi za 3L, kwa hiyo hilo limekufa lenyewe. Amenuna kidogo, anasema ataifunga kwenye mashine ya kusaga. Kaka amekubali tusiuze mpaka mirathi iishe, baada ya hapo tutaona. Pesa iliyopo inakwenda kwenye chesesi, breki na matairi, kwa utaratibu huo. Injini inabaki ya mzee. Tdi nimeiweka akilini kama hii ikikataa.

Maswali mawili. Klachi haiachii, pedali inashuka lakini gia haziingii injini inapozunguka. Na kwenye boksi la spana nimekuta kipande cha pakiti ya sigara kimekunjwa mara moja, kimefungwa na mpira pamoja na msasa laini. Mzee hakuvuta sigara maisha yake yote. Ni cha nini?

Binti_Gerezani
Mwamba wa nyuma usimruhusu mtu akubandikie bati juu ya kutu. Kata mpaka ufike chuma kinacholia. Na kabla ya kukata, tegemeza bodi, usije ukafunga mlango wa nyuma ukakuta haurudi.

Mzee_Spana
Klachi imegandana na flaiwili, ni kawaida. Kanyaga pedali, ikaze na kipande cha mti dhidi ya siti, iache hivyo usiku mzima. Isipoachia, subiri breki ziwe tayari, ndipo uivute na gari nyingine polepole ikiwa kwenye gia, pedali chini. Itaachia kwa mshtuko, usishangae.

Hicho kikaratasi kitunze. Ndicho kipimo cha mzee wako cha pointi za distribyuta, vile vidude vinavyofunguka na kufunga umeme wa plagi. Sisi wote tulikuwa nacho enzi hizo, geji ya kweli alikuwa nayo mwenye gereji tu. Safisha pointi kwa huo msasa, zungusha injini kwa hendeli mpaka zifunguke mwisho kabisa, kisha pitisha kikaratasi katikati. Kiingie kwa kukwaruza kidogo, kisining'inie. Ukipata geji linganisha, itakuwa karibu na milimita 0.4. Ukikuta kimezidi au kimepungua, niandikie hapa kabla hujagusa skrubu. Naweza kuwa ninakumbuka pakiti ya sigara nyingine.