Koki ya bafuni inapiga shoti: nifunge ethi kwenye bomba?

Habari wakuu. Mabomba ya ndani ni ya chuma. Hita ya kuogea ikiwashwa, koki inapiga shoti. Fundi anataka kufunga ethi ya hita (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) kwenye bomba. Ni sawa?

Jibu 1
Hapana mkuu! Zima breka ya hita sasa hivi, mtu asioge. Kama bomba linalotoka mtaani ni la plastiki, chuma cha ndani hakina njia ya uhakika kwenda ardhini. Hitilafu ya hita itasambaa koki zote, hata ya jikoni.

Jibu 2
Hita iwe na waya wake wa ethi hadi kwenye meni swichi. Kisha, ili bomba liunganishwe na ethi, siyo bomba kuwa ethi yenyewe, toa waya wa kijani-njano wa 10 mm² kutoka baa ya ethi (zinapokutana nyaya za ethi) hadi bomba kuu la chuma, karibu na linapoingilia nyumbani, baada ya valvu. Kwangua rangi na kutu, kaza kwa klempu maalumu ya ethi. Waya wa kuzungushia kwa mkono hulegea.

Jibu 3
Naongezea, RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 ni lazima. Maana nondo ya ethi iliyozamishwa ardhini, yenye ukinzani wa omu 50, hupitisha ampea 4.6 tu kwa volti 230. Breka ya ampea 32 haishtuki kabisa, na bomba linabaki na umeme.