Changu, chewa au tasi: yupi wa kumpikia mtu anayeogopa miiba?

Shemeji_Tabata: Habarini wakuu. Jumamosi mama mkwe anaingia kutoka Musoma. Ni mtu wa sato na sangara wa ziwani tangu azaliwe. Samaki wa baharini anasema wananuka na wamejaa miiba. Nataka nimbadilishe mawazo kwa samaki mweupe, wa kuvuliwa baharini, siyo wa bwawani. Nimebaki na majina matatu hapo juu. Tutakuwa watu 8, wawili watoto. Nisaidieni kabla sijaenda soko la samaki la Feri kuuziwa maneno.

Mama_Kilwa: Chewa, baba. Mtu aliyezoea sangara umpe chewa. Nyama nene, nyeupe, inaachana mapande mapande, na miiba yake mikubwa, hata mtoto anaiona. Ila andaa mfuko, maana unalipia kichwa. Chewa wa kilo 3 ukishamtoa kichwa, matumbo na mifupa, nyama tupu haifiki kilo moja na nusu. Kichwa usikitupe, kichemshie supu na ndimu.

Mzee_wa_Dema: Mama, utamu sikubishii. Lakini chewa anakua polepole, na aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, baadaye wakubwa ndio hugeuka madume. Tukiwamaliza wakubwa, wanaobaki watazaana na nani? Dema langu, huu mtego wa samaki, siku hizi linaniletea chewa wa kukaa kiganjani, namrudisha majini. Mimi nasema changu. Huyo chakula chake kaa na chaza, na kwa ulimi wangu utamu wake unatoka huko.

Halafu kumbuka kusi linavuma. Ngalawa nyingi hazitoki, samaki wanakuwa wachache na bei inapanda. Ungesubiri kaskazi ungechagua kwa raha, ila mkwe hasubirishwi.

Binti_Likoni: Mbona tasi mwamsahau? Mkaange akauke, ule na ugali na kachumbari, utasahau hao wengine. Lakini kwa huyo mgeni, hapana. Miiba yake ni midogo, na ile ya mapezi ina sumu hata samaki akiwa amekufa. Mwambie anayempara akate mapezi kwanza. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, maumivu hupungua. Na mtoe matumbo mapema. Anakula mwani, tumbo lake likikaa linanukisha nyama yote.

Kaka_Kigamboni: Msinunue minofu iliyokwisha kuchunwa ngozi! Duka moja niliuziwa "chewa" wa barafu, nilipomtia kwenye sufuria akatoa maji kama nimepika tango. Mpaka leo sijui alikuwa samaki gani. Nunua mzima, mwone uso.

Fumbua shavu: liwe jekundu, siyo la kahawia. Jicho limetuna na linang'aa. Bonyeza ubavu kwa kidole. Shimo likibaki, mwachie mwenyewe. Na ukimpasua ukakuta damu imevilia tumboni na uti wa mgongo umevunjika, huyo kapigwa baruti. Nyama yake inalegea hata kama ni wa leo.

Mpemba_Muscat: Huku Ghuba chewa ndiye hamour, kila mtu anamtaka na kila mwaka anaadimika. Naungana na mzee wa dema.

Mtu asije akakushauri nguru wa bei poa saa nane mchana. Nguru na jodari wakikaa juani nyama hutengeneza kitu kinachowasha mwili na kukufanya uwe mwekundu usoni, na kupika hakukiondoi. Yalinikuta harusini. Changu na chewa hawana sana tabu hiyo.

Mama_Kilwa: Haya, nimeshindwa kwa kura. Basi changu apakwe. Chukua wa kutosha sahani, mpige mikato mitatu kila ubavu, paka chumvi, ndimu, saumu na tangawizi, umwache nusu saa. Choma kwa mkaa usiokuwa mkali. Pembeni chemsha tui zito na ukwaju, bizari na pilipili mbuzi, ukikoroga muda wote lisikatike. Mpake akiwa jikoni, mgeuze, mpake tena. Nyama ya karibu na mfupa ikiwa nyeupe na inaachia, epua. Ukizidisha dakika tano unakula pamba. Watoto wachambulie wewe, changu naye ana miiba.

Shemeji_Tabata: Mrejesho. Nilipata changu watano. Chewa alikuwapo mmoja, mdogo, nikamkumbuka mzee nikampita. Tui lilinikatika kidogo, nilikuwa kwenye simu. Mkwe alianza kwa kuchokonoa, akaishia kunyonya kichwa. Akauliza samaki huyu anaitwaje.

"Changu."

"Chako ni kipi? Nimeuliza jina."

Mke wangu amecheka mpaka leo.