Mtoto wa bweni hana mbwa: mwenye mbwa ni mama yake

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naandika kutoka Bombo, tena naandika nikiwa nimekasirika, kwa hiyo mwenye kutafuta uzi wa kumpoza moyo apite. Kila ninapoligusa jambo hili mbele za watu huambiwa kwamba kufuga mnyama ni malezi mema, kwamba humfunza kijana wajibu, huruma na kuamka mapema. Anayeamini hivyo namkaribisha kwangu juma la pili baada ya shule kufunguliwa, aje awatafute hao waliofunzwa wajibu. Hatawaona. Atanikuta mimi, nimeshika sufuria ya posho, yaani ugali, iliyochanganywa na dagaa, nikimwita mbwa ambaye hata jina lake sikumpa mimi.

Lalamiko langu halina mafumbo. Vijana wanaosoma bweni wanafuga kwa midomo, na sisi mama zao tunafuga kwa mikono. Mihula mitatu ya shule hapa Uganda hula karibu miezi tisa ya mwaka, na mtoto anayeonekana nyumbani kwa miezi mitatu tu, tena iliyokatwakatwa, hawezi kuitwa mwenye mbwa wala mwenye paka, hata kama ndiye aliyemleta na ndiye anayemlilia. Mwenye mnyama ni yule anayejua leo amekula nini. Nyumbani kwangu anayejua hilo ni mimi peke yangu, na ninadai litamkwe wazi, kwa sababu kijana akishaitwa mwenye mnyama hupata haki zote za umiliki huku gharama na lawama zikimfuata mtu mwingine.

Mbwa huyu, anayeitwa Komando, aliingia kwetu mwaka 2020. Mnakumbuka kwamba shule zilifungwa mwezi Machi mwaka ule kwa sababu ya Korona, na kwa madarasa mengi hazikufunguliwa sawasawa hadi Januari 2022. Kijana wangu alikuwa na umri wa miaka 11, hana pa kwenda wala la kufanya, akaja na kijibwa amekivingirisha ndani ya fulana, akala kiapo mbele ya baba yake na bibi yake kwamba atakilisha, atakiogesha na kukisafishia banda mpaka mwisho. Kwa muda wote ule wa kufungiwa ndani alitimiza, sina neno. Kengele ya shule ilipolia, kiapo kikabaki nyumbani pamoja na mbwa. Sasa yuko kidato cha tatu. Mbwa aliyetunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi, maana yake kijana atamaliza kidato cha sita, ataingia chuo, pengine atapata na kazi Kampala, na Komando atakuwa bado ananingoja mimi mlangoni kila asubuhi, akiomboleza kwa sauti moja na adhana ya alfajiri mpaka majirani wafungue madirisha.

Mtasema, basi angalau likizo hupumzika. Likizo ndiyo mbaya zaidi. Watoto wanarudi, simu walizonyimwa shuleni wanazikamata kwa mikono miwili, na mbwa anageuka kuwa mwigizaji wa TikTok. Atapigwa video akiruka, akivalishwa miwani, akilala kifudifudi, na watu wasiotujua wataandika jinsi anavyopendwa. Katika video mojawapo, ukitazama vizuri nyuma ya sikio la kushoto, utaona kupe walionona wamejipanga kama punje za kunde, na aliyeshika simu hakuwaona, au aliwaona akajitia hamnazo. Aliyekaa juu ya kigoda jioni ile, akiwang'oa mmoja mmoja kwa koleo ndogo ya nyusi na kuwatumbukiza katika kopo la mafuta ya taa, ni mimi. Binti yangu alipita, akaziba pua, akasema anasikia kinyaa. Pesa ya bando huwa ipo. Dawa ya minyoo na dawa ya kupe hizo ni za mama.

Nakuja kwenye kisa chenyewe. Katika likizo ya kumaliza muhula wa pili nilimkabidhi kijana shilingi 30,000 ampeleke Komando kudungwa sindano ya kichaa cha mbwa, sindano inayopaswa kurudiwa ili kinga isiishe. Akaenda, akarudi, akasema daktari wa mifugo hakuwepo, atakwenda siku nyingine. Pesa hiyo sijaiona tena, na siku nyingine haijafika mpaka leo. Zikiwa zimebaki siku mbili warudi shule, aliamua kukimbia barabarani na mbwa bila mnyororo ili dada yake awapige video kwa nyuma, jua likizama. Mtoto wa jirani alikuwa anarudi kuchota maji na dumu lake la lita tano. Aliona mbwa anakuja mbio, akatupa dumu na yeye akakimbia, na mbwa, kama desturi ya mbwa, akamfuata anayekimbia. Alimng'ata nyuma ya goti.

Watoto wangu walifanya nini? Walimvuta mbwa ndani, wakafunga geti, wakakaa kimya. Nilizipata habari kutoka kwa mama wa mtoto, aliyekuja na mwanawe, kidonda kimefungwa kitambaa na kupakwa unga wa majani ambao bibi mmoja wa mtaani aliusifu. Nikakifungua kitambaa pale pale uani, tukakiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, mtoto analia na mama yake ananitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Kuosha hivyo ndiko kunakotangulia kabla ya jambo lingine lolote, na haifai kuahirishwa kwa sababu kijana anaogopa kugombezwa. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na takriban asilimia 99 ya watu wanaokipata huambukizwa na mbwa. Mambo haya kijana wangu ameyasoma. Ninayo daftari lake.

Kituo cha afya cha kwanza hakikuwa na chanjo, ikabidi tupande bodaboda hadi kwingine na kulipia dozi mfukoni: ya siku ile, ya siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Kote huko nilikwenda mimi na mama wa mtoto, tumebanana nyuma ya dereva, hatuna la kuzungumza. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaniita barazani kwake na kuniuliza, kwa adabu lakini mbele ya watu, kadi ya chanjo ya mbwa iko wapi. Niliikuta chini ya godoro la kijana. Upande wa mbele, muhuri wa mwisho ulikuwa wa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Upande wa nyuma alikuwa amechora kwa kalamu ya buluu kikosi cha Arsenal, kipa hadi washambuliaji, na mishale ya kuonyesha nani ampasie nani. Hiyo ndiyo hati niliyomkabidhi mwenyekiti mkononi. Aliigeuza, akaitazama kwa muda, akasema beki wa kushoto si huyo. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ikaamuliwa nilipe matibabu yote na mbwa afungwe siku kumi akiangaliwa kama ataonyesha dalili. Hakuonyesha. Kufikia hapo wahusika walikuwa wameshabeba masanduku yao, rimu za karatasi na mifagio waliyoagizwa na shule, wamekwenda zao. Nilipofanikiwa kumpata kijana kupitia simu ya matroni, neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa, "Mama, tafadhali usikubali wamuue Komando." Mtoto aliyeng'atwa hakumtaja. Wala zile 30,000.

Ndani ya nyumba nako kuna mama mkwe wangu, mtu mzima anayestahili kuswali kwa utulivu katika miaka yake hii. Mbwa akifunguliwa hukimbilia varandani na kuramba birika lake la kutawadhia. Sisi tunafuata madhehebu ya Shafii, na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo nateka maji, nachota udongo, naosha, nasuuza, huku bibi akisubiri na wakati wa swala unapita. Nikilalamika, wanangu hunigeukia kama mawakili. Wananikumbusha walivyofundishwa madrasa kwamba mbwa wa ulinzi, wa kuwindia na wa kuchungia mifugo ameruhusiwa. Ni kweli ameruhusiwa. Ila mbwa wa ulinzi hukaa uani usiku akilinda, na sijasikia shehe yeyote akimtaja mbwa wa kupigwa video kitandani.

Ya paka nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa naona nimeshaandika mengi. Binti yangu yuko kidato cha kwanza na paka wake anaitwa Sukari. Hoja yake ilikuwa kwamba paka si najisi, hivyo bibi hatakuwa na kisingizio. Hilo nalo ni kweli. Lakini paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba kwa takriban miezi miwili, na anaweza kuanza kutaka dume tena akiwa bado ananyonyesha. Nilipopendekeza afungwe kizazi, binti alilia siku nzima akisema ni ukatili. Sukari akazaa ndani ya sanduku la shule lililokuwa wazi, juu ya mashati meupe niliyoyapiga pasi usiku uliotangulia. Siku ya kuwatembelea wanafunzi nilifunga safari na kuku wa kukaanga, sukari na sabuni, na kabla hata hajafungua mfuko binti alinipa karatasi aliyoiandika kwa mwandiko mzuri sana, yenye maagizo kwamba dagaa mkavu unamkausha paka koo, apewe samaki wa kuchemsha, tena wa siku ile ile. Jamani! Huyu aliyeandika hajawahi kupara hata sato mmoja.

Baba yao anaendesha lori njia ya Juba. Kwa simu husema, "Wavumilie, ni watoto." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kilichonisukuma kuandika leo ni kwamba binti ametuma ujumbe kwa simu ya rafiki wa kutwa: kuna mwenzao anayeuza kasuku wa kijivu, na anaomba nimnunulie kabla hajachukuliwa na mtu mwingine. Nimemjibu kwa barua, maana nataka iwepo kwa maandishi. Kasuku huyo tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kwa wale wanaokamatwa porini, na hapa kwetu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kukaa na ndege wa namna hiyo bila kibali. Isitoshe, kasuku anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mimi nina miaka 44. Pigeni hesabu wenyewe ni nani atakayemlisha nani.

Likizo ya Desemba ikianza, simu hazitatoka kabatini mpaka kadi mpya ya chanjo ipate muhuri, na safari hii pesa nitampa daktari mkononi huku kijana ameshika mnyororo. Dozi nilizomlipia mtoto wa jirani zitakatwa kwenye pesa yake ya matumizi muhula mzima, na atakwenda yeye na dada yake kwa yule mama, mchana, kuomba radhi. Sukari atafungwa kizazi, alie asilie.

Sasa naomba msaada wenu kwa jambo moja. Anayemjua daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa kufunga kizazi cha paka, kati ya Bombo, Wobulenzi na Matugga, aandike hapa anapopatikana na anatoza kiasi gani. Wale wanaotaka kunishauri nimtupe mbwa kijijini au nimwekee sumu wasijisumbue, kwa sababu mbwa hana kosa na sikuandika uzi huu dhidi ya mbwa. Na wale watakaoniambia kwamba watoto watakua, naomba watangulie kueleza nani huwalisha wanyama wa kwao siku za Jumatano, shule zikiwa zimefunguliwa.