Re: Bekendi ikae kwenye laptopu ya dogo Ujiji

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kutwa. Niko Leeds, Uingereza, mdogo wangu yuko Ujiji, tunamtengenezea mama sistimu ya kuandika mzigo wake wa dagaa pale Kibirizi. Dogo akitaka kujaribu kitu lazima aingie kwenye seva niliyokodi huku, bando likiisha kazi imelala. Nataka bekendi yote, yaani ule upande wa sistimu unaokaa kwenye seva, ikae kwenye laptopu yake ya Windows, imeandikwa kwa Django, ile fremuweki ya Python. Nianzie wapi?

——

Marahaba mdogo wangu. Umewaza vizuri, mie nilichelewa na mpwa wangu wa Mwanga akaunguza mabando bure miezi na miezi.

Usimwache ashushe mwenyewe paketi, zile programu ndogondogo ambazo sistimu inazitegemea. Shusha wewe huko kwenye waifai ya uhakika, weka kwenye flashi, mpe mtu anayeenda nyumbani. Ila hapa ndipo nilipoumia, mi natumia Mac, nikapiga pip download (pip ndiyo inayoshusha na kuweka paketi za Python) nikajua nimemaliza, flashi ikapanda treni mpaka Kigoma na mtu aliyekuwa anaenda msibani, kijana anachomeka, paketi nusu zinagoma. Pip inashusha za mashine yako wewe, sio za mashine yake! Andika hivi, requirements.txt ni faili lenye orodha ya paketi zenu:

pip download -r requirements.txt -d paketi --platform win_amd64 --python-version 3.12 --only-binary=:all:

Hiyo 3.12 ifanane na Python aliyonayo yeye, muulize kwanza. Akipokea atengeneze venv, yaani sehemu ya pembeni ya paketi za mradi huu tu, aiwashe, halafu:

pip install --no-index --find-links paketi -r requirements.txt

Hapo haigusi intaneti kabisa. Databesi aanze na SQLite, inakuja na Python yenyewe.

——

Kaka Mungu akubariki, imewaka! Laptopu inafungua 127.0.0.1:8000 vizuri, simu ya mama ndo haifungui. Halafu mzigo aliopokea saa 12 asubuhi unasoma 03:00, yaani saa 9 usiku, mama kakataa kuutumia mpaka irekebishwe.

——

Mama yuko sahihi, asiitumie hivyo, wavuvi wanalipwa kwa hizo kumbukumbu.

127.0.0.1 maana yake ni mashine yenyewe, ukiiandika kwenye simu, simu inajitafuta yenyewe. Dogo awashe hotspoti ya simu ya mama, laptopu iingie humo, hata bando likiwa limekata inafanya kazi maana mambo yanaishia humohumo ndani. Aendeshe python manage.py runserver 0.0.0.0:8000 ili vifaa vingine viifikie, apige amri ya ipconfig kwenye laptopu aone namba yake ya mtandao (IP), aiongeze kwenye ALLOWED_HOSTS, orodha ya anwani zinazoruhusiwa ndani ya settings.py (faili la mipangilio ya Django), asipoiweka Django itamrudishia kosa la 400. Windows ikiomba ruhusa ya mtandao aikubali, halafu kwenye simu aandike hiyo namba ikifuatiwa na :8000.

Saa ni hivi, mradi mpya wa Django unakuja na UTC, ile saa ya kimataifa, na nyumbani tuko masaa 3 mbele. Kwenye settings.py TIME_ZONE iwe 'Africa/Dar_es_Salaam', USE_TZ, ile ya kufuata kanda za saa, ibaki True. Usije ukaweka saa ya huko kwako, inasogezwa Machi na Oktoba.

Mama akiandika mzigo wa kesho asubuhi nijulishe umesoma saa ngapi.